Drafti ya FPL: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa Kabla Zamu Yako Haijafika

Drafti inayozungumziwa hapa si ile ya kete na vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni ule mtindo wa FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani) ambao mchezaji mmoja hamilikiwi na watu wawili katika ligi moja. Ukimchukua Haaland, wenzako wamemkosa mpaka umwache au mbadilishane. Hakuna bajeti ya pauni milioni 100, hakuna bei, hakuna nahodha wa kuzidishiwa pointi mara mbili, hakuna chipu (zile nyongeza maalumu za FPL ya kawaida). Mnakaa mtandaoni saa moja au mbili, mnachagua kwa zamu hadi kila mmoja anakuwa na wachezaji 15, kisha msimu unaanza.

Wanaotoka FPL ya kawaida huja na mazoea yanayowaangusha. Wamezoea kujiuliza nani atapata pointi nyingi. Kwenye drafti swali ni lingine: nikimwacha huyu sasa, yule nitakayebaki naye atakuwa na pointi ngapi pungufu? Kiungo wa pointi 165 anaweza kuwa na thamani ndogo kuliko mshambuliaji wa pointi 145, kwa sababu viungo wazuri wamejaa na washambuliaji hawapo. Maandalizi yote yanayofuata yanazunguka hesabu hiyo moja.

Soma kanuni za ligi yenu kabla ya kufungua jina la mchezaji yeyote

Mambo manne yanabadilisha mpango mzima.

La kwanza ni idadi ya watu. Ligi ya watu 6 na ligi ya watu 12 ni michezo miwili tofauti, na tutaona kwa nini.

La pili ni aina ya ushindani. Kuna ligi za jumla ya pointi na kuna ligi za ana kwa ana, ambako kila wiki unapambana na mtu mmoja, ushindi pointi 3 na sare pointi 1. Kwenye jumla ya pointi, mchezaji anayepata 15 wiki hii na 2 wiki tatu zinazofuata ni sawa na yule wa 5, 5, 5 na 6. Kwenye ana kwa ana, yule wa 15 amekushindia wiki moja tu.

La tatu ni utaratibu wa kubadilishana wachezaji: je, yanapita bila kupingwa, msimamizi anaidhinisha, au ligi nzima inaweza kuyazuia? Mkubaliane mapema na muyaandike kwenye kundi lenu la WhatsApp. Ugomvi mwingi wa ligi za drafti hauanzi siku ya drafti. Unaanza Januari, pale mtu wa mwisho asiyejali tena anapompa rafiki yake nyota kwa mchezaji wa benchi.

La nne ni alama zenyewe. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ni 3 kwa wote. Timu isipofungwa, kipa na beki wanapata 4, kiungo 1, mshambuliaji hapati kitu. Tangu msimu wa 2025/26 kuna pointi 2 za kazi ya ulinzi: beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira katika mechi moja, anazipata. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, ila wao wanahesabiwa pia mipira waliyoirudisha miguuni mwa timu yao. Kanuni hii imewapandisha mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa sana, watu ambao zamani hakuna aliyewagusa kabla ya raundi ya mwisho.

Hesabu ya uhaba

Kila kikosi kina makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Chukua ligi ya watu 8: jumla ni wachezaji 120, yaani makipa 16, mabeki 40, viungo 40 na washambuliaji 24.

Sasa geukia upande wa pili. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20. Kila timu ina kipa mmoja wa kwanza, kwa hiyo wapo 20. Mabeki wanaoanza ni kama 80. Viungo, ukijumlisha mawinga ambao FPL inawaita viungo, wanakaribia 90. Washambuliaji wanaoanza mara kwa mara? Timu nyingi zinacheza na mmoja mbele. Ni 20 na kidogo.

Linganisha. Nafasi 40 za mabeki dhidi ya mabeki 80: nusu yao watabaki bure msimu mzima. Nafasi 24 za washambuliaji dhidi ya watu 20 na kidogo: hakuna atakayebaki. Siku mshambuliaji wako akiumia Novemba, utakachokuta sokoni ni vijana wa akiba wanaoingia dakika ya 85.

Kwenye ligi ya watu 10 makipa wanaohitajika ni 20, sawasawa na makipa wa kwanza waliopo. Kwenye ligi ya 12 wanahitajika 24, kwa hiyo kuna watu watakaomiliki kipa asiyecheza, na washambuliaji wanaohitajika ni 36. Hapo nafasi ya tatu ya mshambuliaji imekufa tangu siku ya kwanza. Usiihangaikie. Kanuni inakulazimisha kuanza na mshambuliaji mmoja tu, mabeki watatu na viungo wawili, hivyo panga kikosi cha 4-5-1 au 5-4-1 na utafute nguvu kwenye viungo.

Kwenye ligi ya watu 4 hadi 6 mambo yanageuka. Wachezaji wazuri wanabaki wengi sokoni, kwa hiyo uhaba hauumi sana, na kinachotofautisha vikosi ni nyota wa juu kabisa. Hapo chukua ubora tu, raundi baada ya raundi.

Kutengeneza makadirio yako

Usitegemee jedwali la pointi za msimu uliopita. Salah alimaliza 2023/24 na pointi 211, msimu uliofuata akapata 344 kwa mabao 29 na pasi za mabao 18. Haaland alipata 272 mwaka wake wa kwanza, 2022/23, kwa mabao 36, kisha 217, kisha 181. Pointi za mwaka jana zinakuambia kilichotokea. Hazikuambii nani atapiga penalti mwaka huu.

Njia rahisi inahitaji daftari au karatasi ya Excel yenye safu nne: dakika unazotarajia, mabao kwa kila dakika 90, pasi za mabao kwa kila dakika 90, na mechi ambazo timu yake haitafungwa. Chukua wastani wa misimu miwili ya mchezaji, si mmoja.

Mfano wa winga. Ana bao 0.35 na pasi ya bao 0.25 kwa kila dakika 90. Unamtarajia acheze sawa na mechi 30 kamili:

Mabao 10.5 mara 5 ni 52.5.
Pasi za mabao 7.5 mara 3 ni 22.5.
Kucheza zaidi ya dakika 60, mechi 30 mara 2, ni 60.
Mechi 9 bila kufungwa ni 9.
Bonasi, yaani pointi za ziada kwa waliong'ara kwenye mechi, kama 10.
Kadi za njano 5, toa 5.

Jumla 149. Winga huyohuyo, kwa ubora uleule, akicheza mechi 20 badala ya 30 kwa sababu kocha anamzungusha, anashuka hadi 100 hivi. Karibu pointi 50 zimepotea na hajawa mbaya hata kidogo. Ndiyo maana safu ya dakika ndiyo ya kujaza kwa uangalifu kuliko zote. Mchezaji mzuri kwenye timu kubwa yenye mawinga watano na mechi za Ulaya katikati ya wiki ni mtego wa kila mwaka.

Mfano wa beki wa kati wa timu ya katikati ya msimamo: mechi 34, pointi 68 za kucheza, mechi 9 bila kufungwa, 36, mabao 2 ya kona, 12, bonasi 8, toa 14 za mabao waliyofungwa na 6 za kadi. Anapata 104. Sasa ongeza pointi 2 za ulinzi katika mechi 15. Anafika 134. Pointi hizo 30 ni sawa na mabao matano ya beki, na zinakuja bila kujali timu imefungwa mangapi.

Huna haja ya kukadiria watu 300. Washambuliaji 25, viungo 50, mabeki 40 na makipa 15 wanatosha kwa ligi ya watu 8. Ni kazi ya jioni mbili.

Mstari wa chini

Ukishakuwa na makadirio, tafuta kwa kila nafasi mtu wa mwisho atakayekuwa anaanza kwenye kikosi cha mtu fulani katika ligi yenu. Kwa watu 8, kikosi cha kawaida ni kipa 1, mabeki 3 au 4, viungo 4 au 5, washambuliaji 2. Kwa hiyo mstari wa chini ni kipa wa 8, beki wa 28, kiungo wa 36 na mshambuliaji wa 16. Pointi za mtu huyo ndizo sifuri yako. Kila aliye juu yake anathaminiwa kwa pengo baina yao.

Tuseme daftari lako linasema hivi. Mshambuliaji wa kwanza ana 200, wa tano ana 145, wa 16 ana 95. Kiungo wa kwanza ana 220, wa nane ana 165, wa 36 ana 120. Beki wa kwanza ana 160, wa 28 ana 110. Kipa wa kwanza ana 150, wa nane ana 130.

Mapengo: mshambuliaji wa kwanza 105, kiungo wa kwanza 100, beki wa kwanza 50, kipa wa kwanza 20. Mshambuliaji wa tano ana pengo la 50, kiungo wa nane 45. Hapo ndipo 145 inaipita 165. Na angalia kipa: bora kabisa kwenye ligi anakuzidishia pointi 20 kwa msimu mzima, nusu pointi kwa wiki. Mtu anayemchukua kipa raundi ya tano anamwachia mwenzake kiungo au beki bure.

Usipange majina kwa namba, yapange kwa mafungu

Orodha ya 1 hadi 120 inaonekana nzuri, lakini inakudanganya. Tofauti kati ya namba 14 na 15 huenda ni pointi mbili, kati ya 15 na 16 ni ishirini. Panga kama nyanya sokoni, kwa mafungu. Ndani ya fungu moja yeyote ni sawa. Kutoka fungu moja kwenda jingine ndiko bei inakobadilika.

Chora mistari pale makadirio yanapoporomoka. Huenda washambuliaji wako wakawa fungu la watu 2, kisha la 4, kisha la 7, kisha makapi. Zamu yako ikifika na fungu la washambuliaji limebaki mtu mmoja wakati fungu la viungo lina watu sita, chukua mshambuliaji bila kufikiri mara mbili. Viungo sita hawataisha kabla hujarudi.

Wekea kila jina alama ndogo: P kwa mpiga penalti, K kwa mpiga kona na faulo, J kwa aliye majeruhi, N kwa aliyebadilishiwa nafasi. Hiyo N usiidharau. FPL huwahamisha watu kila msimu. Kai Havertz, kwa mfano, alikuwa kiungo 2023/24 akawa mshambuliaji 2024/25. Kwenye FPL ya kawaida watu hulalamika, kwa kuwa bao lake limeshuka kutoka pointi 5 hadi 4. Kwenye drafti amepanda thamani, maana ameingia kwenye nafasi yenye uhaba. Kinyume chake, mshambuliaji aliyegeuzwa kiungo anaongeza pointi lakini anaingia kwenye umati.

Timu zilizopanda daraja ziangalie kwa makini. Zote tatu zilizopanda zilishuka mwisho wa 2023/24, na tatu nyingine zilizopanda msimu uliofuata zikashuka pia mwisho wa 2024/25. Usichukue kiungo wao mbunifu kwa sababu aling'ara Championship, ligi ya daraja la pili. Wanaofaa ni wa aina mbili: mshambuliaji anayepiga penalti, na beki wa kati anayeokoa mipira siku nzima.

Angalia pia kalenda ya Afrika. AFCON ya Morocco ilichezwa kuanzia 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026, katikati kabisa ya msimu, na kabla yake ile ya Ivory Coast ilianza Januari 2024 na Salah akaumia hukohuko. Msimu wenye mashindano kama hayo, usichukue Waafrika watatu kwenye nafasi moja. Mmoja unambeba. Watatu wakiondoka pamoja sokoni hakuna wa kuziba pengo.

Mtindo wa nyoka na nafasi yako

Zamu zinakwenda na kurudi. Raundi ya kwanza ni 1 hadi 8, ya pili ni 8 hadi 1. Kwenye ligi ya watu 8:

Aliye wa kwanza anachagua namba 1, 16, 17, 32, 33.
Aliye wa nne: 4, 13, 20, 29, 36.
Aliye wa nane: 8, 9, 24, 25, 40.

Kwa ligi yoyote, hesabu hivi: raundi za witiri, chukua idadi ya raundi zilizopita mara idadi ya watu, ongeza nafasi yako. Raundi za shufwa, chukua namba ya raundi mara idadi ya watu, toa nafasi yako, ongeza moja. Ziandike namba zako zote 15 pembeni mwa daftari.

Mpangilio hupangwa na kompyuta kwa bahati nasibu, kwa hiyo andaa mipango mitatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho.

Ukiwa mwanzoni au mwishoni, unachagua wawili kwa mpigo kisha unangoja wenzako wachukue 14. Fikiria kwa jozi. Usijiulize "nani bora sasa", jiulize "katika hawa 14 watakaoondoka, ni fungu gani litakwisha?" Fungu hilo ndilo la kuchota kabla halijafika chini, hata ikibidi umchukue mtu nafasi sita mapema. Mwenye nafasi ya pembeni ndiye pia anayeweza kuanzisha wimbi: akichukua washambuliaji wawili mfululizo, wa katikati wanaanza kuhangaika.

Ukiwa katikati, hakuna zamu unayongoja zaidi ya wachezaji 8. Huna haja ya kuwahi. Ngoja mafungu yaporomoke mikononi mwako. Wenye nafasi ya 4 na 5 hulalamika kwamba hawakupata nyota wa kwanza, na kwa sababu hakuna nahodha wa kuzidisha pointi, nyota wa kwanza kwenye drafti hana ukubwa ule wa FPL ya kawaida.

Siku yenyewe: umeme, bando na orodha ya akiba

Wachezaji 120, kila chaguo likichukua sekunde 30 kwa wastani, ni saa nzima. Ligi ya 12 ina machaguo 180, saa moja na nusu. Chaji simu, weka bando la kutosha, na uwe na simu ya pili ya kurushia intaneti endapo umeme utakatika na ruta ikazima. Hili si dogo. Muda wako ukiisha, mfumo unakuchagulia wenyewe.

Mfumo huo huanza na orodha yako ya kufuatilia, kutoka juu. Ikiwa tupu, unafuata mpangilio wa mchezo wenyewe, ambao haujui mahesabu yako. Kwa hiyo jaza orodha hiyo usiku wa kuamkia drafti, majina 50 au 60, kwa mpangilio wa mapengo yako na si wa majina makubwa. Waliotangazwa kuumia watoe asubuhi ya siku hiyo.

Fanyeni drafti siku mbili au tatu kabla ya mechi ya ufunguzi. Mapema zaidi ya hapo, mechi za kujipima nguvu bado zinaumiza watu. Hata hivyo dirisha la usajili hufungwa ligi ikiwa imeshaanza, kwa hiyo mchezaji anayevutana na klabu yake mshushe fungu moja.

Raundi kwa raundi, ligi ya watu 8

Raundi ya 1 hadi 3. Washambuliaji na viungo wa fungu la juu tu. Ukimaliza raundi ya tatu bila mshambuliaji hata mmoja, haijawa balaa, lakini raundi ya nne huna tena hiari.

Raundi ya 4 hadi 6. Hapa ligi nyingi hushindwa na kushinda. Watu wamechoka kushangilia nyota wao na wanaanza kuchagua kwa mapenzi ya jezi. Lengo lako ni kutoka hapa na washambuliaji wawili wanaoanza kila wiki, viungo watatu, na beki mmoja wa fungu la juu, hasa beki wa pembeni anayepiga kona au anayepanda sana kwenye timu isiyofungwa ovyo.

Raundi ya 7 hadi 9. Viungo wawili wa mwisho na beki wa pili. Mpiga penalti wa timu ya katikati ya msimamo anashinda winga wa akiba wa timu kubwa, hata kama jina lake halijai mdomoni. Chris Wood alifunga mabao 20 akiwa Nottingham Forest 2024/25, na si mtu ambaye watu walimgombania Agosti.

Raundi ya 10 hadi 12. Mabeki wa kati wenye pointi za ulinzi. Wanaanza kila wiki, hawazungushwi, na bado wapo kwa sababu wenzako wanatafuta mabeki wa timu kubwa tu. Mshambuliaji wa tatu aingie hapa ikiwa kuna anayeanza. Hayupo, mwache.

Raundi ya 13 na 14. Makipa. Chukua mmoja wa timu inayojilinda vizuri na mmoja wa timu inayopigwa mashuti mengi, maana kila mashuti matatu anayookoa ni pointi moja. Kwenye ligi ya watu 10 au zaidi usingoje hivi. Mmoja mchukue kati ya raundi ya 9 na 11. Kwenye ligi ya 12, ukishapata kipa wako, nafasi ya pili mpe kipa wa akiba wa klabu ileile. Wa kwanza akiumia, wa pili anaingia na wewe hujapoteza wiki.

Raundi ya 15. Bahati nasibu. Chukua nyota majeruhi atakayerudi Oktoba, au kijana anayesemwa sana. Asipofaa, unamwachia wiki ya pili bila kukatwa pointi, kwa kuwa mabadiliko kwenye drafti hayana gharama.

Yanayoharibika mezani

Kufuata mkumbo. Mtu anachukua kipa raundi ya saba, wa pili anaogopa, wa tatu anafuata, na ghafla makipa watano wameondoka. Wewe tazama mapengo yako. Kipa bado ana thamani ya pointi 20. Wimbi la makipa ni zawadi: wachezaji watano wa ndani wamesogea kuelekea kwako.

Kurundika klabu moja. Hakuna kikomo cha wachezaji watatu kwa klabu hapa, kwa hiyo mtu anaweza kujaza mabeki wanne wa Arsenal. Wiki nzuri anapata 16 kwa kutofungwa tu. Wiki mbaya, wote wanne wanaanguka pamoja, na wiki ambayo klabu haina mechi ana mashimo manne. Wawili wa ulinzi mmoja wanatosha.

Kumchukua mtu ili mpinzani asimpate. Katika ligi ya watu 8 unamzuia mmoja na kuwafurahisha sita.

Na kulikosea daftari. Kila jina linalotoka, lifute papo hapo, kwenye nafasi zote. Anayeacha kufuta raundi mbili huanza kupanga mipango juu ya watu walioshachukuliwa.

Baada ya drafti: waiva

Cole Palmer hakuwa hata mchezaji wa Chelsea ligi ilipoanza 11 Agosti 2023. Alihama kutoka Manchester City tarehe 1 Septemba, akamaliza msimu na mabao 22 na pointi 244. Aliyempata kwa waiva alipata nyota bila kutumia raundi yoyote.

Waiva ni maombi ya kumchukua mchezaji asiye na mwenyewe. Unaandika nani aingie na nani atoke, wa nafasi ileile, beki kwa beki, kiungo kwa kiungo. Maombi hushughulikiwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa wiki, na aliye chini kwenye msimamo anatangulia. Baada ya hapo waliobaki ni huru, anayewahi anachukua, hadi muda wa mwisho, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza.

Saa zinawachanganya wengi Afrika Mashariki. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 6:30 mchana Uingereza, muda wa mwisho ni saa 5 asubuhi kwao. Agosti hadi mwisho wa Oktoba hiyo ni saa 7 mchana kwetu. Wakishabadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Oktoba, inakuwa saa 8 mchana. Waiva basi ni Ijumaa saa 7, baadaye saa 8. Mechi ikiwa Ijumaa usiku, waiva inafungwa Alhamisi, na kila mwaka kuna watu wanaoomba Ijumaa asubuhi wakakuta wamechelewa.

Wiki nne za mwanzo ndizo za kuomba kwa wingi, maana ndipo penalti, kona na nafasi za kuanza zinapojulikana. Angalia dakika kabla ya mabao. Aliyefunga mawili akitokea benchi anaombwa na kila mtu. Aliyecheza dakika 90 mara tatu mfululizo akapiga mashuti kumi bila bao haombwi na yeyote, na huyo ndiye wa kumwahi. Kwenye ligi za watu 6 hadi 8 tenga nafasi mbili za kikosi, kipa wa pili na beki wa tano, kwa kuzungusha kila wiki kulingana na ratiba: unamchukua anayecheza nyumbani na timu dhaifu, wiki inayofuata unamwacha. Washambuliaji usiwazungushe kabisa. Ukimwachia anayeanza kwa sababu hajafunga wiki tatu, mwenzako mwenye shimo mbele atamchukua.

Kwa kubadilishana, wasomee wenzako vikosi vyao. Tafuta mwenye viungo watano wazuri, ambaye mbele hana kitu. Idadi ya kila nafasi lazima ibaki ileile kwa wote wawili, kwa hiyo ofa inayopita ni ya watu wawili kwa wawili: mshambuliaji wako wa pili na kiungo wako wa tano, kwa mshambuliaji wake wa benchi na kiungo wake bora. Ipeleke Jumatatu, timu yake ikiwa imetoka kufungwa, na umwachie siku tatu za kufikiri kabla ya waiva.